Ushirikiano wa Afrika Mashariki katika Kuhifadhi Turathi ya Fasihi ya Kiswahili: Somo la Historia kwa Mwalimu wa Sekondari

Utangulizi

Mwalimu msomaji, hebu nenda kwenye rafu ya vitabu vya Kiswahili katika maktaba ya shule yako ukitafute kitabu kiitwacho Historia ya Kiswahili. Huenda jalada lake limeshaanza kunyofoka. Waandishi wake ni wawili: Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Mombasa, mzawa wa Kiswahili cha Mvita. Wa pili alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mtanzania ambaye Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, na ambaye hata hivyo alikuja kuwa mwenyekiti wa chama cha washairi cha UKUTA. Kitabu chao kilichapishwa Nairobi mwaka wa 1977.

Utazame mwaka huo mara ya pili. Mwezi wa Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na kabla ya mwaka kwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Treni, ndege, posta na bandari ziligawanywa kama mali ya mume na mke walioachana. Waandishi wetu wawili hawakuyaona hayo. Mnyampala alifariki mwaka wa 1969 na Chiraghdin mwaka wa 1976. Kitabu kilichounganisha Mombasa na Dodoma kilitoka siku ambazo mtu wa Mombasa hangeweza kupita Lungalunga kwenda Tanga kumjulia hali shangazi yake.

Makala haya yananuia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, sehemu kubwa ya fasihi tunayoifundisha katika shule za sekondari ilihifadhiwa kwa ushirikiano wa nchi jirani, wala si kwa juhudi za nchi moja. Pili, ushirikiano huo ulipokatika, gharama yake ilionekana hata darasani. Tatu, na hapa ndipo penye ubishi, turathi peke yake haileti amani. Kinacholeta amani ni namna watu wanavyoisoma pamoja. Mwishoni nitakupendekezea mambo machache unayoweza kuyafanya na wanafunzi wako.

Turathi iliyozaliwa katika ugomvi

Ni kosa kudhani kwamba zamani watu wa pwani waliishi kwa upendo na kwamba mipaka ya wakoloni ndiyo iliyoleta uhasama. Tumchukue Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi kati ya mwisho wa karne ya 18 na takriban mwaka wa 1840. Wanafunzi wetu humjua kama mtunzi wa mapenzi, mafumbo na mawaidha. Lakini Muyaka alikuwa pia sauti ya mji wake wakati wa vita. Alitunga kuwatia moyo Wamvita chini ya watawala wa Kimazrui, na kuwakejeli wapinzani wao wa Lamu na Unguja. Lamu nako hakukukosa wa kujibu. Bwana Zahidi Mngumi alikuwa akirudisha maneno kwa maneno. Mnamo mwaka wa 1812 hivi, vita hivyo vya maneno vilikuja kuwa vita vya panga na bunduki kwenye mchanga wa Shela, ambako Mombasa na washirika wao wa Pate walishindwa vibaya.

Vivyo hivyo, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858 uliandikwa na mjane wa Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi na Sultani wa Unguja. Tunapoufundisha kama wasia wa mama kwa bintiye, ni vyema tukumbuke kwamba nyumba hiyo ilikuwa imetoka vitani.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu leo mashairi ya Mombasa na ya Lamu yamo katika diwani zinazosomwa na mwanafunzi yuleyule, na hakuna anayechukua upanga. Maneno yaliyotungwa kuwagawa watu yamegeuka mali yao ya pamoja. Mageuzi hayo hayakutokea yenyewe. Yalihitaji watu wa kuandika, kunakili, kuhifadhi, kuchapisha na kufundisha. Mashairi ya Muyaka yalisafiri safari ndefu: yaliandikwa kutoka katika kumbukumbu za wazee kwa juhudi za Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmishonari W. E. Taylor, yakahifadhiwa London, yakachapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka wa 1940, na hatimaye yakarudi nyumbani katika kitabu cha M. H. Abdulaziz kilichotolewa na Kenya Literature Bureau, Nairobi, mwaka wa 1979. Turathi ya mji mmoja ilipita mabara mawili kabla ya kurejea kwa wenyewe.

Kamati ya mwaka wa 1930

Ushirikiano wa kwanza wa kiserikali katika jambo hili ulikuwa wa wakoloni, na hatuna budi kuutazama kwa macho mawili. Mwaka wa 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulizungumzia haja ya kusanifisha Kiswahili. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa, na baada ya mvutano kati ya waliopendelea Kimvita na waliopendelea Kiunguja, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanzishwa kamati ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, makao yake yakiwa Dar es Salaam na katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson.

Lawama dhidi ya kamati hii tunazijua, na ni za haki. Kwa miaka mingi ya mwanzo haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Wageni ndio walioamua neno lipi la Mswahili ni sahihi na lipi si sahihi. Watu wa Mombasa na Lamu, ambako tungo nyingi za kale zilitoka, waliona lahaja zao zikisukumwa kando. Huko Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka wa 1929 mpango wa kukiingiza Kiswahili katika Buganda. Ushirikiano ulioamuliwa na wakubwa bila kuwauliza wenye lugha ulianza na deni, na deni hilo bado halijalipwa lote.

Hata hivyo, mkono wa pili wa mizani nao una uzito. Kamati ilihama Dar es Salaam ikaenda Nairobi, kisha Chuo cha Makerere mwaka wa 1952, halafu Mombasa, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuingizwa katika Chuo Kikuu mwaka wa 1964. Hiyo ndiyo iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo tangu mwaka wa 2009 inaitwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Kila ilipokwenda ilibeba jarida lake, na jarida hilo likawa ghala la turathi.

Tazama mfano huu mmoja. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi kuhusu Vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907. Utenzi huo ulichapishwa kwanza Ujerumani mwaka wa 1933. Mwaka wa 1957 kamati iliuchapisha kama nyongeza ya jarida lake, na ulichapishwa Kampala. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: vita vya watu wa kusini mwa Tanganyika, vilivyosimuliwa na mshairi wa Lindi, vikahifadhiwa kwa wasomaji wa Afrika Mashariki katika mji wa Uganda. Mwaka uliofuata, jarida hilohilo lilitoa wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Mwimbaji wa Unguja, mwandishi wa Tanga, mhariri aliyeketi Makerere: hakuna aliyeuliza pasipoti ya yeyote kati yao.

Vitabu vya pamoja

Chombo cha pili kilikuwa East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoanzishwa mwaka wa 1948 na kuwa na makao yake Nairobi. Shirika hili lilikuwa la nchi zote. Lilitoa mfululizo wa Johari za Kiswahili, ambamo tungo kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy zilipata makao. Lilichapisha pia historia na desturi za makabila mbalimbali zilizoandikwa na wenyeji wenyewe. Mnyampala tuliyemtaja alitoa hapo kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo mwaka wa 1954.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu wa fasihi ni mashindano ya kuandika hadithi. Katika mashindano ya shirika hilo ya mwaka wa 1957 na 1958, mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka wa 1960. Mwaka huohuo shirika likatoa Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy. Tunapowaambia wanafunzi kwamba riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ilianza na Bwana Msa, tuwaambie pia kwamba Bwana Msa alifika kwao kupitia mfuko wa pamoja wa nchi jirani. Bila mfuko huo, pengine mswada ule ungebaki katika mtoto wa meza mjini Unguja.

Kisha ikaja 1977. Shirika likavunjika pamoja na Jumuiya. Kenya ilibaki na ofisi za Nairobi, nazo zikawa Kenya Literature Bureau, jina unaloliona katika vitabu vingi vya darasani mwako. Ni jambo la kushukuru kwamba kazi haikufa. Lakini kilichokufa ni ile desturi ya kuketi meza moja: mhariri wa Kenya kuusoma mswada wa Mtanzania siku ileile ulipofika, na wote wawili kubishana juu ya neno.

Gharama ya mpaka uliofungwa

Mpaka ulifungwa hadi mwaka wa 1983. Hiyo ni takriban miaka 7. Kwa mwanasiasa huenda si muda mrefu, ila mtoto aliyeingia darasa la kwanza mpaka ulipofungwa alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi ulipofunguliwa.

Katika miaka hiyo kila nchi ilijenga msamiati wake. Tanzania ilikuwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka wa 1967, na TUKI, ambayo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka wa 1981. Kenya haikuwa na chombo cha aina hiyo. Mwaka wa 1981 Ripoti ya Mackay ilipendekeza mabadiliko yaliyoleta mfumo wa 8-4-4, na mfumo huo ulipoanza mwaka wa 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Ghafla mamia ya shule zilihitaji walimu, kamusi, istilahi na vitabu vya fasihi. Tulitegemea nini? Tulitegemea kamusi ya jirani na vitabu vya jirani. Kama ni umri wako, mwalimu, huenda unakumbuka nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyokuwa ikizunguka kutoka dawati hadi dawati kama kibuyu cha maji.

Hata hivyo tusiifanye hadithi hii kuwa ya kilio kitupu. Kuna nyuzi ambazo hazikukatika. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa na serikali ya Kenya mwaka wa 1969 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Alipotoka mwaka wa 1972 alikwenda Tanzania, na kwa miaka kadhaa, ikiwemo ile ya mpaka kufungwa, alikuwa mtafiti katika TUKI. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa Nairobi mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Basi mshairi aliyefungwa na nchi yake alihifadhiwa na nchi jirani, na fasihi yake ikaheshimiwa na nchi iliyomfunga. Ukitaka mfano wa turathi kupatanisha pale siasa iliposhindwa, mmoja ni huo.

Uzi mwingine ni ngonjera. Mnyampala ndiye aliyeikuza na kuieneza kama chombo cha mafunzo baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967. Itikadi iliyoizaa haikuwa ya Kenya, na katika miaka ile viongozi wa pande mbili walirushiana vijembe kwa sababu ya itikadi. Lakini watoto wa shule za Kenya waliipokea ngonjera, wakaipeleka katika tamasha za muziki, na hadi leo wanaikariri bila kujua kwamba ilivuka mpaka uliokuwa na kufuli.

Jumuiya mpya na ahadi zake

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Waandishi wa mkataba huu walijifunza kutokana na ule wa zamani. Utamaduni ulipewa kifungu chake, cha 119, ambacho kinataja ukuzaji wa lugha za kienyeji na hasa Kiswahili. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka wa 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024.

Hatua kadhaa zimefuata. Tamasha ya sanaa na utamaduni ya Jumuiya, JAMAFEST, ilianzia Kigali mwaka wa 2013 na imezunguka Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Kuanzia Kigali, mji ambao mwaka wa 1994 ulijaa maiti, si jambo dogo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka wa 2015. Mnamo Februari 2021 wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka wa 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni.

Ukilinganisha orodha hii na ile ya mwaka wa 1930 utaona tofauti kubwa: leo wanaoamua ni wenyewe. Lakini utaona pia mfanano unaotia shaka. Maamuzi bado yanatoka juu. Sherehe ni nyingi kuliko vitabu. Riwaya nzuri inayochapishwa Dar es Salaam bado inaweza kuchukua miaka kumfikia mwalimu wa Kitui au wa Gulu, ilhali mwaka wa 1960 kitabu cha shirika la pamoja kilikuwa na ofisi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Tusijipongeze mapema.

Je, turathi huleta amani?

Sasa tufike penye mwiba. Ni desturi katika hotuba za Siku ya Kiswahili kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya amani. Mwanafunzi mwerevu atakuuliza: kama ni hivyo, mbona?

Mbona Uganda ya miaka ya 1970, ambako Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, raia wengi walikichukia kwa sababu walikisikia kwanza kutoka kwa askari aliyewaelekezea bunduki? Mbona mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa, kumepita kutoka vita hadi vita tangu mwaka wa 1996? Mbona sisi wenyewe, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tuliuana hadi idadi ya waliokufa ikapita 1,100, hali tukielewana lugha vizuri kabisa? Kwenye vizuizi vya barabarani watu walitambuliwa kwa lugha ya mama, na waliowatambua walikuwa wamesoma Kiswahili shuleni. Baadhi yao huenda walipata alama ya A.

Usimkatize mwanafunzi huyo. Swali lake ndilo somo lenyewe. Lugha ni chombo kama kisu cha jikoni: mama hukatia mboga, na mwenye hasira hukifanyia lingine. Turathi nayo ina mazuri na maovu yake. Ndani ya turathi yetu ya maandishi mna tawasifu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyesimulia safari zake kwa Kiswahili safi. Tukiihifadhi bila kuzungumza juu ya waliotiwa minyororo, tutakuwa tumehifadhi upande mmoja wa kidonda.

Hapa ndipo fasihi inapotusaidia kuliko hotuba. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka wa 1969. Watu wa makabila mbalimbali wanaunganishwa na imani ya maji. Umoja wenyewe ni wa kweli na wa lazima, lakini nguzo yake moja ni maji yasiyozuia risasi, na Kinjeketile anabaki na mzigo wa kujua hivyo. Je, umoja wa watu unaweza kujengwa juu ya jambo lisilo kweli? Swali hilo si la Wamatumbi wa mwaka wa 1905 pekee. Ni la kila jumuiya inayosema "sisi ni ndugu" bila kufungua madaftari ya madeni.

Na tukumbuke jambo moja la mwaka wa 2008. Upatanishi wa Kenya uliongozwa na Kofi Annan wa Ghana, akiwa pamoja na Graça Machel wa Msumbiji na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alikuwapo Nairobi mkataba ulipotiwa saini tarehe 28 Februari. Nyumba ilipowaka moto, jirani alikuja na ndoo. Siwezi kukuambia kwamba walikuja kwa sababu ya Muyaka au Shaaban Robert. Ila ujirani wa aina hiyo hauzuki siku ya moto. Hujengwa miaka mingi kabla, na vitabu vinavyosomwa pande zote mbili ni sehemu ya matofali yake.

Kazi yetu darasani

Ni nini basi awezacho kufanya mwalimu mwenye vipindi vichache kwa wiki na mtihani wa KCSE mlangoni? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, fundisha kitabu pamoja na safari yake. Unapoanza diwani, tamthilia au riwaya yoyote, tenga dakika kumi za kueleza mtunzi alitoka wapi, kitabu kilichapishwa wapi na nani alikihifadhi. Wanafunzi watashangaa kuona ni mara ngapi jibu linavuka mpaka. Wakenya wamesoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar na kumjadili Bwana Maksuudi kana kwamba ni diwani wa wadi yao. Hiyo ndiyo maana ya turathi ya pamoja.

Pili, somesha matini mbili kwa jambo moja. Weka Kinjeketile kando ya habari za Utenzi wa Vita vya Maji Maji, uwaulize wanafunzi kwa nini mshairi aliyeishi karibu na vita hasimulii kama mwandishi wa baada ya uhuru. Weka Siku Njema ya Ken Walibora ya mwaka wa 1996, ambamo kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuingia Kenya akimtafuta baba yake, kando ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ambamo watu wanafukuzwa makwao ndani ya nchi yao wenyewe. Mmoja anavuka mpaka na kupata jamaa, wengine hawakuvuka mpaka wowote na wamegeuka wakimbizi. Mjadala utakaozuka utazidi maswali yote ya mwongozo.

Tatu, wape wanafunzi kazi ya kukusanya fasihi simulizi katika vijiji vyao, na hasa iliyo ya jamii zaidi ya moja. Zimo hadithi za sungura, nyimbo za jando na methali zinazopatikana kwa Wadigo wa Kwale na kwa Wadigo wa Tanga, kwa Wamasai wa Kajiado na wa Longido, kwa Wateso wa Busia na wa Tororo. Waambie waandike jina la kijiji, umri wa msimulizi na tarehe, na daftari zibaki maktabani badala ya kurudi nyumbani kufungia maandazi. Mwalimu Sikujua alianza hivyo hivyo, kwa karatasi na subira.

Nne, tusiwaadhibu wanafunzi kwa lahaja za nyumbani mwao. Mwanafunzi wa Lamu anayesema "ndoo" badala ya "njoo" anahitaji kuijua lugha sanifu kwa ajili ya mtihani, lakini asiondoke darasani akidhani kwamba nyanya yake hajui Kiswahili. Lugha ya nyanya huyo ndiyo iliyobeba tenzi ambazo kamati ya mwaka wa 1930 ilizikuta zimeshakomaa. Deni nililolitaja hapo juu tunaweza kulipunguza kidogo kidogo, kila mmoja katika darasa lake.

Tamati

Nimejaribu kuonyesha kwamba turathi ya fasihi ya Kiswahili imehifadhiwa na mikono mingi: mwalimu wa Mombasa, mshairi wa Lindi, mchapaji wa Kampala, mhariri wa Nairobi, mtafiti wa Dar es Salaam. Imepita chini ya wakoloni waliotudharau na chini ya viongozi wetu waliogombana. Ilipungukiwa tulipotengana na ilinawiri tulipokaa pamoja. Haikutuzuia kuuana, na tusiwaongopee wanafunzi kwamba itatuzuia. Ilichofanya ni kutuachia mahali pa kukutana tena baada ya ugomvi, na mahali hapo panahitaji kufagiliwa kila siku.

Basi, mwalimu, ukikipata kile kitabu cha Chiraghdin na Mnyampala, usikirudishe rafuni upesi. Kitie gundi kwanza. Halafu siku moja waonyeshe wanafunzi majina yale mawili juu ya jalada, uwasimulie mwaka kilipotoka na yaliyokuwa yakitendeka mpakani, uwaache wenyewe waseme wanaona nini.